Siku Kamanda wa Kikosi cha Mwezini Alipokwama Magotini

Mimi ni mtu wa mpango, kwa hivyo bado naona haya kusimulia jinsi nilivyobebwa kutoka jukwaani kama kabati mbele ya nusu ya mtaa wetu wa Karagita.

Ilikuwa 2008, katikati ya mwaka. Nilikuwa nimeandika mchezo kuhusu kikosi cha jeshi cha miaka mia tatu ijayo, kinacholinda watu wanaoishi mwezini, chenye desturi za wapiganaji wa farasi wa zamani: kiapo, ngao, na sheria kwamba kamanda akipiga magoti wote wanapiga, na hakuna anayesimama kabla yake. (Panga sikuweka hata moja. Baada ya watu kukatana Januari kwa sababu ya uchaguzi, nani angetaka kuliona? Tulibeba tochi.)

Kamanda nilikuwa mimi, na maluteni wangu walikuwa Kamau na Ouma, waliokuwa wakikaa chumba kimoja kabla ya fujo hizo kugonganisha makabila yao, lakini tangu Ouma arudi kutoka kambi ya wakimbizi hawakuwa wamesemezana. Hata kwenye mazoezi Kamau aliniambia, "Mzee, mwambie huyo asogee," na huyo yuko hapo hapo. Mchezo wote niliuandika ili hao wawili waape pamoja, labda midomo ifunguke.

Kosa langu lilikuwa dogo. Mavazi ya chuma tuliyakata kutoka kwa madebe ya mafuta, na magotini waya ungetosha, lakini niliona waya unamshushia kamanda heshima, nikapiga riveti, ile misumari ya kukaza bati kwa bati. Nikayajaribu nyumbani nikisimama, nikitembea, nikipiga saluti. Kupiga magoti sikujaribu.

Basi siku yenyewe, ukumbi wa kanisa umejaa, nikapiga magoti kwa kishindo, kikosi kikafuata, Kamau na Ouma wakaapa kila mmoja akiangalia ukuta wake, nami nilipotaka kuinuka bati la paja likawa limeingia chini ya bati la ugoko na kukataa kutoka. Nikajikaza. Wapi! Vijana, kwa utiifu niliowafundisha mwenyewe, wakabaki chini kimya, mpaka mama mmoja wa mstari wa mbele akadhani ni maombi, akapiga magoti, na mstari wake ukamfuata, na ukumbi mzima ukafuata, na mchungaji akaanza kuiombea nchi.

"Mzee, si usimame?" Ouma akaninong'oneza.

"Nimekwama."

"Umekwama aje?"

"Goti."

Akageuka upande wa pili. "Kamau, shika huko."

"Huko wapi?"

"Kwapani, bana! Usishike bati, itakukata."

Wakaniinua, nami nikabaki nimekunjika vile vile hewani.

"Wacheni mzee amalize kuomba!" mama akawafokea.

"Mathe, haombi, amekwama!" Kamau akamjibu.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, mchungaji naye akashindwa kufika amina. Mlangoni tukakwama tena.

"Rudi nyuma," Ouma akasema.

"Nyuma yako ama yangu?"

"Ulikuwa hivi hivi tukihamisha kitanda!"

"Kitanda ni wewe ulivunja!"

Walinikalisha nje kwenye nyasi, wakatafuta koleo, wakaendelea kubishana kuhusu hicho kitanda huku wakinifungua. Tangu siku hiyo nimeapa kutovaa kitu chochote mbele ya watu kabla sijakipigia magoti nyumbani. Lakini goti lilipoachia, nakiri, nilibaki pale chini nikilalamika kwamba bado linabana.