Kopo la Chumvi Rafuni

Maabara nzima ilimwita Mama Figo, na si kwa mapenzi. Miaka kumi na tisa aliwapasua samaki wa baharini na kuwatoa figo, ule ukanda mweusi ulioshikamana na uti wa mgongo, kwani bakteria wakishaingia kwenye damu hapo ndipo huonekana. Vidonda vya nje hakuviamini. Kidonda, alisema, hudaka kila takataka ya majini.

Samaki walipoanza kuletwa na madonda mekundu ubavuni, kazi ilimwangukia mkuu mpya, aliyetoka maabara ya hospitali na aliyemwita Mama Figo "mpasuaji" mbele ya watu. Mkuu alipaka figo kwenye sahani za kukuzia bakteria, zilezile za kupimia wagonjwa. Mama Figo aliliona kopo la chumvi rafuni, halijafunguliwa. Bakteria wengi wa baharini hawaoti bila chumvi ya kutosha. Akanyamaza. Acha aumbuke, alijiambia.

Aliyeumbuka akawa mwingine. Sahani zilitoka safi, mkuu akaandika kwamba hakuna ugonjwa, basi wavuvi wametia sumu majini. Kesho yake mashua zao zilifungwa minyororo kwa ripoti hiyo, na ya kwanza ilikuwa ya kaka yake Mama Figo.

Kaka alimfuata hadi getini. Hakumsalimu. Alimuuliza kama mhuri ulio kwenye amri ya kufunga mashua ni wa maabara yao, na Mama Figo aliposema ndiyo, akatema mate chini.

Mama Figo akarudi ndani, safari hii bila kumung'unya maneno.

"Mkuu, hawa ni wadudu wa maji chumvi. Umewapa sahani za wagonjwa."

"Wewe pasua, bibie. Kusoma sahani niachie mimi."

"Basi nipasue mbele yako. Samaki mmoja, sahani mbili: moja ya kwako, moja yenye chumvi. Zote mbili zikibaki tupu, nitakuandikia barua ya kuacha kazi."

Mkuu alicheka, akakubali. Barua ile aliitamani tangu alipofika.

Kaka aliagizwa samaki mgonjwa aliye hai, wa kunaswa ufukweni bila mashua. Alitua ndoo mlangoni na kuondoka. Mama Figo akamuua samaki pale pale, akachoma kisu motoni, akafungua tumbo, akachukua figo, akapaka sahani zote mbili huku mkuu amekunja mikono. Wakaziweka pamoja kwenye kabati la joto.

Asubuhi, sahani ya mkuu ilikuwa tupu. Ile ya chumvi ilijaa vidoa vya manjano, vya mviringo, vya aina moja. Mkuu akasema chumba kina harufu mbaya, na kwamba mpasuaji aoshe meza. Ripoti mpya ilikiri ugonjwa, bila kumtaja Mama Figo. Minyororo ilifunguliwa siku ya nne.

Kaka akaja kuchukua ndoo yake.

"Wamesema ni ugonjwa," alisema. "Wewe ulijua lini?"

Angeweza kusema asubuhi ile sahani ilipoota. Alimtazama kaka, mikono yake iliyopasuka kwa kamba, akasema kweli.

"Siku ile ya kwanza. Niliona chumvi haijafunguliwa."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa namkomoa mkuu."

Kaka aliokota ndoo, akakung'uta maji yaliyobaki juu ya viatu vya Mama Figo, taratibu, mpaka tone la mwisho. Kisha akaondoka, na tangu siku hiyo hamwiti tena dada; humwita Mama Figo, kama wenzake wa maabara wanavyomwita.