Abilahi Mpiga Chuku na Damu Inayozunguka

Wewe unayesoma hapa, umewahi kuthibitisha kwamba damu yako inazunguka mwilini? Hujawahi. Uliambiwa darasani, ukakariri, ukajibu mtihani, basi. Kwa hiyo usianze kumcheka Abilahi wa Mchinga kabla hujasikia habari yake.

Abilahi ni mpiga chuku. Anachanja ngozi kwa wembe, anaweka pembe ya ng'ombe juu ya chale, anafyonza hewa kwenye kitundu cha nchani, anakiziba kwa nta, na pembe inavuta damu. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na watu humfuata kutoka vijiji vya mbali. Elimu yake ilikuwa fupi na ya kueleweka: chakula hutengeneza damu mpya kila siku, iliyo nzuri huliwa na mwili, iliyo mbovu huzama miguuni kama mashapo ya mtungi. Na mashapo hayaachwi, hutolewa.

Kwa hiyo miguu ya dada yake Salima ilipovimba hadi viatu vikakataa, na pumzi ikawa inamwishia kati ya jikoni na kisimani, Abilahi hakuwa na shaka. Asubuhi moja alimketisha barazani, hajala kitu, kama ilivyo desturi ya chuku. Pembe zimeshaoshwa, wembe mpya umeshafunguliwa.

Ndipo akaingia Imani, binti wa Salima, mwalimu wa baiolojia.

"Shikamoo mjomba. Weka wembe chini."

"Marahaba. Salamu gani hiyo yenye amri ndani yake?"

"Mama anakwenda hospitali, Lindi."

"Siendi," akasema Salima. "Nikapangwe foleni na watoto wa kamasi? Abilahi, chanja."

Imani alimjua mjomba wake. Ukimgombeza anakuwa jiwe. Ukimpa jambo asilolijua, analainika. Akavuta mkeka, akamsimulia habari za William Harvey, tabibu Mwingereza wa karne nne zilizopita. Enzi hizo madaktari wakubwa wa Ulaya waliamini kwamba chakula hugeuka damu ndani ya ini, na damu hiyo huishia mwilini.

"Kumbe na wao?" Abilahi alifurahi kupata wenzake.

"Na wao. Yeye akakadiria damu inayosukumwa na moyo kwa nusu saa tu, akaona inazidi damu yote iliyomo mwilini. Sasa mjomba, mtu ale nini ili atengeneze damu yote hiyo?"

Abilahi akafikiri. "Hata pilau ya harusi nzima haitoshi."

"Basi ni ileile, inakwenda na kurudi. Alipoyasema hayo walimcheka, na wagonjwa wakampungua."

"Naye akaacha kuwatoa watu damu?"

Imani alitamani kudanganya. "Hakuacha, mjomba."

"Ahaa!" Salima akapiga paja. "Umesikia? Chanja!"

Abilahi hakuchanja. Swali lilikuwa limeshamwingia. Imani alimfunga kitambaa juu ya kiwiko, mishipa ikatuna, kisha akamwonyesha alivyofanya tabibu yule: bana mshipa kwa kidole kimoja, na kwa kidole kingine isukume damu kuelekea begani. Mshipa ukanywea. Damu iliyosukumwa juu haikushuka. Imani akaachia kidole cha chini, na mshipa ukajaa mara moja, kutoka upande wa kiganja.

Abilahi akajaribu mwenyewe. Akahamia mkono wa pili. Akambana Imani, akambana na jirani aliyekuja kuomba chumvi.

"Inapanda," akasema. "Na ya miguuni?"

"Hiyo nayo. Yote inarudi moyoni."

"Basi si mashapo."

Akakigeuza kiganja cha dada yake. Kilikuwa kimepauka, rangi ya nazi iliyokunwa. Siku zote kiganja cha namna hiyo kilimwambia kwamba damu mbovu imezidi. Sasa kilimuuliza jambo jingine: ikiwa damu ni hiyohiyo moja, je, Salima anayo ya kutosha?

"Dada, jifunge khanga. Tunakwenda Lindi."

"Amekuroga huyo Mzungu!"

"Amekufa zamani, ataniroga vipi? Inuka, taratibu."

Hospitali walimpima. Daktari akasema damu imepungua vibaya mno, moyo umechoka kuzungusha kidogo kilichobaki, na ndiyo maana miguu imevimba. Akauliza kama kuna mtu aliyemtoa damu siku za karibuni.

"Bado," akajibu Abilahi.

Kesho yake asubuhi alimkuta Salima amelala, na mfuko wa damu umening'inia juu ya kitanda. Damu ilidondoka tone kwa tone, ikishuka kwenye mrija na kuingia mkononi mwake. Maisha yake yote Abilahi alikuwa ameiona damu ikitoka. Ikiingia, hajapata kuiona. Akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa mrija.

Salima akafumbua jicho moja.

"We Abilahi! Hiyo usiiguse."