Miaka Mitatu ya Aminieli

Barua ya kustaafu ilimkuta Aminieli Akyoo chumba cha plasta, mikono myeupe mpaka viwikoni, akimfunga mguu mama mmoja wa Nduruma aliyeteleza kwenye mfereji. Hakuifungua mpaka plasta ilipoanza kushika. Ndivyo alivyokuwa, na kwa miaka thelathini na saba hospitali ile ya serikali mjini Arusha ilimsifu kwa mdomo na kumwacha pale pale alipoanzia, cheo cha mwisho kabisa kwenye orodha. Barua ilisema kwamba Desemba angetimiza miaka sitini, hivyo angestaafu kwa mujibu wa sheria.

Aminieli alikuwa na miaka hamsini na saba.

Msicheke kwanza. Kwa Wameru wa enzi zake, mtu hakuwa na miaka, alikuwa na rika. Baba yake hakutaka kuchinja mara mbili, kwa hiyo mwaka kaka yake Ebenezer alipotiwa jandoni akamsukuma na Aminieli humo humo, mtoto wa miaka kumi na mitatu kati ya vijana wa kumi na sita. Kisu kikapita. Mdogo yule akasimama wima kama nguzo ya ua, jicho halikupepesa. Aliyepepesa alikuwa Philemoni, mtoto wa mwalimu, mkubwa wake kwa miaka mitatu. Wazee waliliona, na kijiji chao chote cha Kikatiti kikalizungumza jambo hilo kwa miaka mingi.

Tangu hapo Aminieli akawa mtu wa rika lile, na miaka yao ikawa yake. Alipokwenda kuajiriwa, karani akamuuliza kazaliwa lini. Alijua vizuri kwamba ni mwaka sitini na nane, maana mama yake hakuchoka kumwambia. Lakini nyuma yake kwenye foleni walisimama wawili wa rika lake. Angejitangazaje mdogo mbele yao? Akataja sitini na tano, mwaka wa wenzake, kifua mbele. Kanisani nako hakukuwa na cha kumkanusha, kwa kuwa alibatizwa mkubwa, na kitabu kiliandika siku ya maji tu.

Philemoni alisoma. Sasa ni daktari bingwa wa mifupa hospitali hiyo hiyo, na ni mjumbe wa menejimenti. Amezaliwa kweli mwaka sitini na tano, lakini yeye haondoki. Sheria inawaacha madaktari bingwa kazini mpaka watimize miaka sitini na tano. Mifupa anayoipanga Philemoni huishikilia Aminieli, na ikipangwa vibaya, Aminieli ndiye huifunga kwa namna ya kuficha aibu. Mwenye kisu kikali ndiye hula nyama, na kisu cha siku hizi ni cheo.

Hakutaka ya Philemoni. Alitaka miaka yake mitatu tu, iliyo halali yake. Alikipenda chumba kile kuliko nyumba yake ya kupanga Sokon One, na mkewe Susana alikwisha kulikubali hilo zamani bila kinyongo. Akamfuata Philemoni ofisini.

"Dokta, nisaidie. Nirekebishiwe umri."

Philemoni alivua miwani akaifuta. "Utahitaji hati ya kiapo. Na mashahidi wa rika waweke sahihi kwamba uliingia jandoni ukiwa mtoto. Lakini lazima ukiri mwenyewe mbele yao, Aminieli. Huwezi kutuma mtu."

"Nitatamkaje vile?"

"Kwa mdomo. Mimi mwenyewe nitatia sahihi."

Wiki tatu hakulala vizuri. Susana alimwambia, "Baba Angel, waachie hiyo miaka. Heshima ukiitoa hairudi." Aliyasikia na hakuyashika. Jumapili moja ya Agosti, baada ya ibada, rika likakusanyika kwa Ebenezer kule Kikatiti, wanaume kumi na mmoja wenye mvi, kahawa mezani.

Aminieli akasimama. Akaeleza habari ya barua na ya karani. Philemoni akamkatiza kwa upole kabisa.

"Sema wazi, wenzako wasikie. Siku ile ulikuwa nani?"

"Nilikuwa mdogo."

"Mdogo ni neno la kanisani. Ulikuwa nani?"

Akamtazama Ebenezer, na Ebenezer akatazama kikombe.

"Nilikuwa layoni," akasema Aminieli, yaani mvulana asiyepaswa hata kusimama walipo wanaume. "Miaka kumi na mitatu. Sikustahili kuwa nanyi."

Kicheko kilianza kwa mmoja kikawaenea wote. "Ndiyo maana hakupepesa!" akasema Philemoni, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mtoto hajui hata kuogopa! Na sisi miaka yote tunamwita shujaa!" Wakatia sahihi wote kumi na mmoja, wakipokezana kalamu kama watu walio harusini. Philemoni aliweka yake ya kwanza.

Jumatatu Aminieli akapeleka bahasha kwa Paskalina, afisa utumishi, binti anayemzidi mwanawe Angel kwa miaka michache.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta ushahidi."

Paskalina akasoma karatasi ya kwanza. Hakuendelea na ya pili. Akazirudisha zote ndani ya bahasha taratibu, na Aminieli akajua kabla hajaambiwa.

"Mzee, serikali inafuata tarehe uliyoiandika mwenyewe siku ya kwanza ya kazi. Haibadilishwi, hata ulete kiapo. Kuna waraka. Tuliusoma kwenye kikao cha menejimenti mwezi wa pili."

"Kikao hicho Dokta Philemoni alikuwepo?"

"Ndiye aliyekiongoza." Paskalina akakosa pa kutazama. "Kwani hakukuambia?"

Alimkuta Philemoni koridoni, akitoka kupasua.

"Ulijua kwamba haiwezekani."

"Nilijua."

"Sasa mbona ukanipeleka kule?"

Philemoni akaangalia huku na huku, akasogea karibu. "Miaka arobaini na minne wananitazama kwa jicho lile nililopepesa. Hata nilipopata ubingwa, wakaja kunipongeza, bado walikuwa nalo. Sasa wana lako la kuzungumza." Akampigapiga begani. "Nenda kapumzike, bwana. Umri wa mtu ni mali ya mwajiri. Wangu wameurefusha bila hata kuomba."

Aminieli alifunga plasta ya mwisho Desemba, akanawa mikono, akakabidhi funguo. Walimpa keki na kitenge cha mkewe. Aliumia, na haina maana kumpamba kwa kusema kwamba alijikaza. Alilia chooni kwa sauti, na wauguzi wakaongeza sauti ya redio ili asione haya.

Krismasi rika likala nyama kwa Ebenezer, kama kila mwaka. Aminieli alitaka kubaki Sokon, lakini kutokwenda kungekuwa kukiri mara ya pili, basi akaenda na kuketi mahali pake, kati ya kaka yake na Meitamei, mwenzao wa rika. Nyama ikaletwa. Desturi ni kwamba wa rika la chini ndiye huwanawisha wakubwa, na vijana wa nyumbani walikuwa wametumwa kuni.

"Jagi liko wapi?" akauliza mmoja.

Macho yakazunguka meza, yakafika kwa Aminieli, yakatulia hapo. Hayakuwa na ubaya hata kidogo. Walikuwa wamekwisha kuzoea. Ebenezer akamgusa goti chini ya meza, akamnong'oneza, "Inuka tu, mdogo wangu. Chakula kinapoa."

Akainuka. Akachukua jagi na beseni, akaanzia kwa mkubwa wao wa cheo. Philemoni akanyoosha mikono, akaisugua kidole kwa kidole kama anayejiandaa kupasua, na Aminieli akamwagia maji mpaka alipoambiwa basi.