Namba 4,444 ilivyogawanywa kwa ajili ya mama, Temeke enzi za Mwingereza

Wakuu, habari za humu. Bibi yenu nimechoka, miguu imevimba, lakini hili nalisema kama lilivyokuwa, sina cha kuongeza.

Miaka ya hamsini, kwetu Temeke. Mama alikuwa na homa isiyoshuka, hospitali wakamrudisha nyumbani.

Baba akamwita maalim wa chuo cha Kurani, isomwe sala ya Mtume mara 4,444 mama apone. Wanagawana waliopo. Kila mmoja anapewa kunde za fungu lake, akisoma moja anatoa moja. Ikipungua hata moja, dua haifungwi.

(Wale wa kusema huu ni bidaa, uzushi katika dini, leo nipumzisheni. Sina nguvu za ligi.)

Sasa hiyo namba ina vituko. Chini ya ishirini, ukiacha moja, inagawanyika kwa mbili, nne na kumi na moja tu. Nyingine zote zinabakisha.

Maalim alikuwa anaijua. Akataka wasomaji kumi na mmoja, kila mtu 404, basi.

Wakapatikana kumi, pamoja na baba na maalim mwenyewe. Hapo ni 444 kila mmoja, zinabaki nne.

"Hizo nne nazisoma mie," baba akasema. Ishu ikaishia hapo.

Mara mama akaita nyuma ya pazia, "Shikamoo maalim."

"Marahaba, binti yangu."

"Mie mbona hamnihesabu? Nimeshakufa?"

Looh!

"Mama Zuhura, pumzika," baba akamwambia. "Wewe ndiye tunayekusomea."

"Nipeni kunde zangu."

Maalim akagawa upya. Kila mtu 404, haikubaki hata moja. Mie nikapelekwa chumbani kumshikia mama bakuli la kunde.

Wenzake walimaliza alasiri, yeye hajafika hata nusu. Anasoma tatu, anahema. Anasoma mbili, anafumba macho. Kuondoka hakuna, maana hesabu haijatimia. Wanaume kumi wamekaa mkekani, migongo inawauma, wanasikiliza sauti ya mwanamke mmoja. Wakaswali magharibi, wakarudi kukaa. Mkono wangu ulikufa ganzi, nikawa nalia kimyakimya kwa uchovu.

Alipofika ya mwisho akasema, "Haya, fungeni."

Maalim akanyanyua mikono. Dua ikamshinda kuanza, machozi yanamtoka.

Mama hakupona. Alifariki wiki ileile.

Nilipokuwa mkubwa nikamuuliza baba kama hajutii kumchosha vile. Akasema, "Tungebaki kumi, zile nne ningezisoma mie, watu wangeenda zao alasiri. Ile jioni nzima nisingeisikia sauti ya mama yako."

Nilichojifunza ni hicho tu, wakuu. Mgonjwa bado yupo, na ana la kusema.

Nyie wenye wagonjwa nyumbani, semeni hapa: mmempa fungu lake, au mnamsomea tu? Majibu nitayasoma nikipata nguvu.