Hati ya Mnyaa wa Saba

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo Karatu. Kwa kuwa nilizaliwa Daa, mtu wa kwetu asiyejua Kiswahili akija na shauri, mimi ndiye niliyemtafsiria Kiiraqw.

Asubuhi moja ya ukungu alikuja mama mjane. Shemeji yake alikuwa amekata minyaa, ile miti ya utomvu tunayopanda mipakani, akalima hadi ndani ya shamba la mama. Mama alishindwa kesi, sasa alitaka kukata rufaa Mbulu. Siku hizo parokiani alifikia mwanasheria kijana, mkimbizi wa siasa kutoka nchi jirani. Kusimama mahakamani kwetu hakuruhusiwa, ila kumwandikia mtu hati ya kiapo hakuna aliyemkataza. Mashine ya chapa ilikuwa mbovu, akaandika kwa mkono, herufi ndogo zilizolala upande mmoja. Mama alisema, nikatafsiri, yeye akaandika.

Alipomaliza alinipa nimsomee mama kabla hajaweka dole gumba. Nikasoma, nikigeuza kwa Kiiraqw, hadi mistari ya mwisho: "Chini ya mnyaa wa saba kutoka kijitoni, marehemu mume wangu alizika jiwe la kusagia lenye ufa, siku tuliyomzika mtoto wetu wa kwanza."

Mama akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mwanangu, nani kakuambia?"

"Si umesema mwenyewe, mama?"

"Sijasema. Tulijua mimi na yeye tu, na yeye yuko kaburini."

Nikamgeukia mwanasheria. "Haya umeyatoa wapi, kaka?"

Akanitazama kama mtu anayetaniwa. "Kwako, dada. Mama alinyamaza, wewe ukaendelea. Sauti ilikuwa nzito, nikadhani una mafua."

Sikuwa na mafua. Mama aliweka dole lake bila kuniangalia tena.

Hakimu wa Mbulu alipokuja kukagua shamba, ukungu ulikuwa bado haujapanda. Tulihesabu mashina yaliyosalia ardhini. Kwenye la saba wakachimba, jembe likagonga. Jiwe lilitoka na ufa wake. Shemeji alivua kofia, akakaa chini kwenye udongo, hakubisha tena. Hakuna aliyeshangilia. Mama akaomba lirudishwe palepale.

Shamba alirudishiwa. Mimi niliomba kuhamishiwa masjala, na tangu hapo sikumtafsiria mtu.

Miaka mingi ikapita, yule kijana akawa rais kwao. Siku moja mzee wa makumbusho ya nchi yake akafika Karatu kutafuta karatasi alizoandika uhamishoni. Nilimtolea jalada. Akaipiga hati picha, akausifu mwandiko, akaniuliza kwa Kiingereza inahusu nini, maana Kiswahili hakukijua.

"Mpaka wa shamba," nikamwambia, nikafunga jalada.