Kiti Nilichokibeba kwa Mukwa

Kiti kilifika Migwani kabla ya tiketi. Mume wangu, aliyekuwa akisoma ng'ambo, alikituma kwa mwenzake aliyekuja likizo, pamoja na maagizo: mtoto akae humu kwenye ndege, na tena kwenye gari mtakaposhuka. Kilikuwa cha plastiki ngumu ya kijivu, chenye mishipi inayokutana kifuani. Binti yetu alikuwa ametimiza miaka miwili. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kwetu hata magari yenyewe yalikuwa machache.

Majirani walikuja kukitazama. Mmoja aliuliza kama ni cha kinyozi. Mzee wa kanisa alikigonga kwa fimbo, akasema Wazungu wamechoka kubeba watoto wao. Nilicheka nao. Aliyenikera ni mama yangu, ambaye hakucheka.

"Mtoto hafungwi kama mbuzi ya soko," alisema. "Mgongo iko. Mikono iko."

"Na leso je, mwaitu?" nilimuuliza. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama. "Leso si ni kufunga?"

"Leso iko na mtu."

Nilijua hatugombani juu ya kiti. Nina kovu kipajini, refu kama kidole cha mtoto, na nimeishi nalo tangu nikiwa mdogo kuliko binti yangu wa wakati ule. Katika miaka ya sitini baba alifanya kazi ya reli Makindu, na mama alipanda lori la mbaazi kwenda kumwona, mimi nikiwa mapajani mwake mbele kwa dereva. Ng'ombe waliingia barabarani. Dereva akakanyaga breki, na mimi nikaruka kutoka mapajani hadi kwenye chuma cha mbele. Walionisafisha damu ni Masingasinga wa hekalu la Makindu, na mama alipewa chai ambayo hakuweza kuinywa.

Sehemu hiyo ya chai nilisimuliwa na baba. Mama mwenyewe alikuwa na maneno mawili tu kuhusu siku ile: "Nilikuwa nimekushika." Alimwambia hivyo muuguzi, akawaambia shangazi zangu, akaniambia mimi kila nilipouliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga mlango. Mimi namwamini, na kwa sababu namwamini nilikitaka kile kiti. Ikiwa mikono ya mama yangu, iliyopasua kuni na kuteka maji mchangani mwa mto mkavu, haikutosha kunizuia, basi yangu ya kushika chaki ingemzuia nani? Lakini yeye alikiona kiti kama kesi iliyofunguliwa dhidi yake. Kila nilipokipangusa vumbi aliondoka jikoni akaenda kufanya kazi ambayo haikuwapo.

Binti yangu naye alikikataa. Nilimweka sebuleni akalia mpaka majirani wakaita kutoka ng'ambo ya ua kuuliza kama kuna msiba. Siku ya tatu nilikipeleka nje, nikakifunga kwa kamba juu ya mkokoteni wa punda tuliotumia kuleta maji, katikati ya mitungi, nikamfunga mtoto ndani yake. Punda alipoanza kutembea, kilio kilikatika. Tulipofika mtoni alikataa kushuka. Wiki nzima tulikwenda hivyo, mtoto juu kama chifu, na kijiji kizima kikisema mwalimu amerukwa na akili. Waseme. Wangapi kati yao walikuwa na kovu langu?

Asubuhi ya kuondoka, mama alitoka chumbani na mukwa wake. Mukwa ni ule mkanda wa ngozi ambao wanawake wa kwetu huupitisha kipajini ili mzigo ulale mgongoni. Wake ulikuwa mweusi kwa jasho la miaka. Mimi nilikuwa nimeacha kuuvaa tangu nilipoanza kulipwa mshahara, na nilikuwa nimeapa mbele yake kwamba sitauvaa tena.

"Hiyo kiti ni nzito," alisema bila kunitazama. "Na mtoto utamshika na nini?"

Huo ndio msaada wote alioutoa, na niliupokea kwa mikono miwili.

Pale uwanja wa ndege Nairobi, kijana wa kaunta alitaka kiti kiende chini pamoja na masanduku. "Mama, mtoto utamweka kwa magoti. Hata hatasumbua."

"Mtoto ana tiketi yake, na ndani ya tiketi kuna nafasi yake. Kiti kikienda chini, na mimi niweke huko."

Aliangalia foleni nyuma yangu, akaangalia uso wangu, akanirudishia karatasi. Nikamfunga binti yangu kifuani kwa leso, nikapitisha mukwa kwenye kiti, nikainama, nikausogeza mkanda mpaka ukakaa sawasawa juu ya kovu. Nikatembea ule ukumbi mrefu wa sakafu ya kung'aa, katikati ya mabwana wa tai na mabibi wenye mikoba inayolingana na viatu. Niliona haya kidogo, kisha haya ikaisha, maana shingo ilikumbuka kazi yake. Mwanamke mmoja alimgusa mwenzake waonyeshane. Nilimsalimu kwa Kikamba, kwa sauti, asije akakosea nimetoka wapi.

Ndani ya ndege mambo yalianza upya. Mhudumu, msichana mpole wa kwetu Kenya, alisema kiti kile hawajakizoea, mtoto akae mapajani wakati wa kupaa. Nilikuwa nimekwisha kukifunga. Nilikuwa nimekipigia goti huku nikivuta mshipi, jinsi tunavyofunga mzigo juu ya punda. Ndege ikasubiri. Abiria wa nyuma wakaanza kuguna, na bwana mmoja akasema, "Mama, si umshike tu? Mikono si uko nayo?"

Nilitaka kumwambia kwamba mama yangu pia alikuwa na mikono. Maneno yalifika ulimini nikayameza. Hayo yalikuwa ya nyumbani kwetu, na sikuwa tayari kumuuza mama kwa mtu nisiyemjua ili nishinde ubishi.

"Sitamshika," nikasema. "Mwiteni mkubwa wenu."

Mkubwa alikuja, akakitikisa kiti kwa mikono yote miwili. Kiti hakikusogea, aliyetikisika ni yeye. Akasema kiachwe. Tulipopaa na ndege ikaanza kurukaruka ndani ya mawingu, watu wazima walishika viti vyao. Binti yangu alitupa miguu kwa furaha akapiga kelele, "Punda! Punda!"

Tulirudi miaka michache baadaye na mtoto wa pili, mvulana wa mwaka mmoja, na kiti kilekile. Kaka yangu alikuwa amepata mchumba katika mji wa Wote, na siku ya kwenda kwa wakwe alikuja kutuchukua Migwani kwa gari la kuazima. Alikuwa amechelewa na jasho linamtoka. Nilipokwenda kufunga mlango wa nyumba, nilimsikia akibishana na mama.

"Mwaitu, hiyo kiti wacha. Mshike tu mtoto twende. Watu wanangoja."

Niliporudi nilimkuta mama amepiga goti ndani ya gari, goti lake limezama kwenye kiti, anauvuta mshipi kwa mikono yote miwili. Sikuwa nimemfundisha. Pengine alijifunza siku zile za punda, wakati nilidhani hatazami. Kaka akapiga honi, naye yuko ndani ya gari hilohilo.

"Mwaitu! Si umshike?"

Mama alimfunga mjukuu wake, akajaribu kifungio, akakijaribu tena. Kisha akanielekezea kidevu, mimi niliyesimama mlangoni na funguo mkononi.

"Huyu nilimshika," alimwambia kaka yangu. "Muangalie uso."