Moto Chini ya Kitanda

Mwaka ule mvua za vuli hazikunyesha, na joto la kaskazi lililofuata halikupumzika. Kwa kawaida kwetu Vihingo jua likizama mtu hupata nafuu. Udongo unapoa, majani ya mihogo yanainuka, watu wanatandika mikeka nje. Mwaka ule hata alfajiri ukiugusa ukuta ulikuta bado una uvuguvugu. Kuku walisimama kivulini midomo wazi tangu asubuhi. Mzee mmoja wa upande wa Kurui alianguka shambani adhuhuri akipalilia, na walipomfikisha nyumbani alikuwa ameshakata roho. Watu walisema ni jini la mchana. Mimi nilisema ni jua. Tulibishana barazani mpaka tukachoka, na wakati huo mzee ameshazikwa.

Nilikuwa nimerudi likizo ndefu kutoka chuo kikuu kule Uganda, na nilikuwa na tabia ya kutokubali neno mpaka nimeonyeshwa sababu yake. Jini la mchana sikulikubali. Lakini hata ile kofia ngumu ya Bwana Shauri wetu, Mzungu aliyetawala wilaya, sikuikubali, aliyoivaa mpaka ndani ya gari, akituambia kwamba jua hupenya fuvu na kuharibu ubongo. Fuvu langu lilikuwa wazi tangu utotoni na hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini jua linawachagua Wazungu.

Katikati ya joto hilo dada yangu alijifungua. Alikuwa ameolewa Mlandizi, na kwa kuwa ndiyo mimba yake ya kwanza alirudi kwao kuzaa, kama ilivyo desturi. Mama yetu alifariki tukiwa wadogo na baba akamfuata baadaye. Aliyetulea ni Bibi, mama wa baba, na Bibi ndiye mkunga wa kijiji chetu na vijiji jirani. Mtoto alikuwa wa kike. Nilimsikia akilia kwa nguvu na nikafurahi, kisha mlango ukafungwa.

Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Dirisha huzibwa kwa matambara. Chini ya kitanda cha kamba huwekwa chungu cha makaa, usiku na mchana, ili baridi isimwingie mzazi viunoni. Anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na maji ya mtungini hayagusi. Mwanamume haingii, hata kaka. Kwa hiyo nilikuwa nakaa nje, nimeegemea ukuta wa udongo, tunazungumza bila kuonana.

"Umelala?"

"Nitalala vipi ndani ya tanuri? Kaka, huko nje kuna upepo?"

"Kidogo."

"Nisimulie ukoje."

Nilimsimulia. Nilimwambia unatoka kaskazini, unatikisa mkorosho, unarusha vumbi. Alicheka. Siku za kwanza alikuwa anacheka.

Siku zilivyokwenda alipunguza maneno. Kilio cha mtoto kikawa chembamba. Kamba ya kuanikia uani, ambayo mwanzoni ilijaa vitambaa vya mtoto, nikaiona tupu, na haikuwa kwa sababu vimeanuliwa. Asubuhi moja nilipomwita dada hakuitika upesi, na alipoitika aliniita "Baba."

"Mimi kaka yako," nilisema.

"Baba, niletee maji."

Nilimkuta Bibi jikoni akikoroga uji. Bibi huniita mume wake, kama mabibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu zao wa kiume, na mimi humwita mke wangu.

"Bibi, zima ule moto."

"Moto wa mzazi hauzimwi, mume wangu. Subiri uoe mke wa pili, utajua."

"Umeshawahi kuona mzazi aliyekufa kwa kukosa moto?"

"Nimeona. Baridi iliwaingia, wakatetemeka mpaka wakaisha."

"Miezi gani?"

"Masika."

"Sasa hivi ni masika?"

Alininyooshea mwiko. "Wewe! Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini kuku hanyonyeshi. Nikakuambia kamwulize kuku. Leo nakuambia hivyo hivyo."

"Mtoto hakojoi, Bibi."

Mwiko ulishuka polepole. Uji ulidondoka mguuni mwake na hakuufuta.

"Najua," alisema. "Si mimi ninayefua?"

Akachukua bakuli, akaingia ndani kwa mzazi, akafunga mlango. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na mtu asiyeona, kumbe anaona kuliko mimi. Moto ule alikuwa amekabidhiwa na mama yake, naye mama yake alikabidhiwa na bibi yake. Akiuzima kwa mkono wake na mjukuu akafa, atakuwa amemuua yeye. Ukiwaka na mjukuu akafa, ni kazi ya Mungu. Hoja zangu zote hazikuwa na pa kushika hapo.

Alfajiri iliyofuata nilikwenda kwa miguu mpaka Kisarawe, kwenye zahanati. Dresa wa pale, yule afungaye vidonda na kugawa dawa, alinisikiliza na kutikisa kichwa. Alisema moto utolewe, mzazi anywe maji kidogo kidogo bila kuacha, yenye chumvi kidogo, apigwe na upepo, afunikwe kanga iliyoloweshwa, mtoto avuliwe yale manguo na anyonyeshwe kila mara.

"Nimlete huku?"

"Ukimbeba kwa machela juani kote huko utatuletea maiti. Fanyeni huko huko."

"Basi njoo wewe umwambie Bibi."

"Mimi?" Alicheka kwa haya. "Bibi yako ndiye aliyempokea kila mtoto niliye naye. Akinitazama tu nasahau hata Kiswahili."

Nilirudi jua likiwa limeshapanda. Nilitembea kutoka kivuli hadi kivuli, nikipumzika hata pale nilipojiona bado nina nguvu, kwa sababu yule mzee wa Kurui naye alijiona ana nguvu. Nilipofika mwanzo wa kijiji nilisikia sauti ikiniita.

"Mzaramo! Umeiva! Njoo unywe maji, usife nikakosa wa kunibebea mizigo."

Alikuwa mama mmoja wa Kinyamwezi, mjane wa mtu aliyekuja zamani kukata mkonge. Kijiji kizima kilimwita Mtani. Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana. Anaingia nyumba ya mtu na kuondoka na kuku. Msibani analala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu. Ukimkasirikia umeaibika mbele za watu na utatozwa. Mimi jambo hilo nililiona upuuzi, na chuoni niliwahi kusema hivyo mbele ya wenzangu kwa maneno marefu.

"Mizigo ni kazi yenu," nilimjibu. "Mnaibeba tangu Tabora."

Alinipa maji. Niliyanywa, na nikiwa bado nimeshika kata mkononi nilisikia mdomo wangu ukisema, "Mtani, nataka ukaibe."

"Nikaibe nini? Kwenu kuna nini cha kuiba?"

"Moto wa mzazi."

Uso wake ulibadilika. "Ana hali gani?"

"Anachanganya maneno. Mtoto hakojoi."

Hakuuliza tena. Alijifunga kanga kiunoni, akachukua jembe lake. "Tangulia," alisema. "Mimi nikifika hunijui."

Nilitangulia. Niliujaza mtungi mdogo, nikautia chumvi kidogo, nikakaa nyuma ya nyumba, upande wa kaskazini, karibu na ukuta. Punde sauti yake ilisikika njiani, na nyuma yake sauti za majirani wanaokuja kutazama.

"Wako wapi watumwa wangu? Nasikia humu mnabanika mtu na hamkuniita kula!"

Bibi alitoka akasimama mlangoni. "Humu kuna mzazi, Mnyamwezi wewe! Toka!"

"Nitoke? Kwani umekasirika, mtani? Jamani, semeni, huyu amekasirika au hakukasirika?"

"Amekasirika!" walipiga kelele wanawake waliokuwa uani. "Atoe kuku!"

"Nani amekasirika?" Bibi alisema, meno yamebanana. "Sijakasirika."

"Basi pisha."

Akampita. Nilisikia vyungu vikigongana, kisha nikachungulia pembeni nikamwona anatoka mbio na chungu cha makaa, ameshikia tambara, Bibi yuko nyuma yake.

"Rudisha moto wangu!"

"Ufuate Tabora!"

Alizunguka uani, watu wanashangilia, akaumwaga mchangani na kuufukia kwa jembe. Akarudi ndani. Matambara yaliyoziba dirisha aliyavuta akajifunga kilemba, akatoka kujionyesha, akaingia tena. Halafu nikasikia jembe likigonga ukuta kwa ndani, chini, usawa wa kitanda. Udongo ulianza kumeguka. Mimi kwa nje nilibomoa kwa mikono, donge baada ya donge, mpaka zikabaki fito tupu na upepo wa kaskazi ukaanza kupita. Katikati ya fito nikaona vidole vya dada yangu. Vilikuwa vikavu kama karatasi.

Kata haikupita, nikatumia kikombe. Mtani alimshika kichwa.

"Kunywa taratibu," nilisema.

"Ya moto?" dada aliuliza.

"Ya mtungini."

Alikunywa. Nilijaza tena, akanywa. Nilitaka anywe mtungi wote lakini nilimsubirisha, kidogo kidogo kama nilivyoambiwa, na kusubirisha huko ndiko kulikonitesa kuliko kubomoa ukuta.

Majirani walipotawanyika Bibi alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, anatazama tundu la nyumba yake. Kibiriti kilikuwa kimefungwa kwenye pindo la kanga yake, kuni ziko karibu na mguu wake. Hakuzigusa.

"Ukuta huo utaukandika wewe," aliniambia.

"Ndiyo, mke wangu. Mvua ikija."

"Mvua ikija," alirudia, akasimama. "Huyo Mnyamwezi hajui kulowesha kanga, anatiririsha maji kitandani. Ngoja niingie."

Dada na mtoto hawakupata nafuu siku ile ile. Mchana ulikuwa mrefu, mwili wa dada ulikuwa moto na mara mbili alimwita tena baba. Bibi na Mtani walipokezana kumpepea, wakitukanana kwa zamu. Mimi nilipitisha vikombe. Alasiri dada alisema, "Kaka, mkono haukuumi?" nami nikampitishia kikombe kingine. Kesho yake Bibi alitoka na kitambaa cha mtoto, akakianika kwenye kamba kabla ya kukifua, kimelowa mkojo vile vile, akapita mbele yangu.

Joto halikuondoka, na nasi hatukulegea. Kila alfajiri nilishuka bondeni, ambako kisima kilikuwa kimekauka na tulichimba mashimo mchangani na kungoja maji yajikusanye, kisha nikapanda na mzega begani, debe mbele na debe nyuma. Vijana wenzangu walifurahi sana.

"Msomi wa Uganda! Ndiyo shahada yenyewe hiyo?"

"Ndiyo. Nyinyi mnangoja kufanya mtihani gani, hata mnalala mpaka jua linatoka?"

Wachache walianza kuamka mapema na kulima kabla ya jua kupanda, wakiacha mchana na kurudi baada ya alasiri. Wengine walisema jembe ni la mchana tangu enzi za babu. Niliwauliza babu yupi, na waliniita mbishi, nami niliendelea kuuliza. Wazee wasioweza kutoka tuliwapelekea maji na kusimama mpaka wanywe, kwa sababu mzee ukimwachia maji atasema hana kiu. Nyumbani Bibi na mimi tulifikia mapatano yetu: alfajiri mzazi anakandwa kwa maji ya moto kama desturi, uji wa pilipili anakunywa, na baada ya hapo chungu cha makaa hakiingii. Sikuona faida ya pilipili. Nilinyamaza, jambo ambalo kwangu si dogo.

Siku moja asubuhi, joto likiwa bado vile vile, alikuja mtu kutoka Kurui kumwita Bibi. Mke wake alikuwa ameshikwa na uchungu. Bibi alianza kufunga vitu vyake: mafuta, nyuzi, wembe, dawa zake. Nilimwona anachukua pia chungu, na makaa kwenye kikapu.

"Bibi, utawasha moto huko?"

"Mzazi lazima awashiwe moto."

"Lakini umeona mwenyewe!"

"Usinipigie kelele mbele ya mgeni. Mimi ni mkunga, nitawasha kama nilivyofundishwa." Alifunga kifurushi, akakaza fundo kwa meno. Kisha akanisogelea, akashusha sauti. "Jua linapanda. Nenda kwa yule mwizi, mwambie ana watumwa wake Kurui. Asichelewe. Na achukue jembe."

"Kwa nini usiache tu kuuwasha?"

Alijitwika kifurushi kichwani, akashika chungu na kikapu cha makaa.

"Nenda," alisema. "Na upite kivulini."

Nikajaza kibuyu maji, nikatoka.